Damu ya Binadamu na Fumbo la Selimundu

Damu ikitiwa katika mrija wa kioo pamoja na dawa ya kuizuia isigande, kisha ikaachwa itulie, hujitenga yenyewe. Juu hubaki majimaji ya manjano hafifu. Chini hutuama mashapo mekundu. Na kati yake huonekana utando mwembamba mweupe. Kumbe damu, ambayo kwa macho ni kitu kimoja, ni mchanganyiko wa vitu vingi, na kila kimoja kina kazi yake.

Majimaji hayo huitwa utegili, au plazima, nayo ni kiasi cha asilimia 55 ya damu yote. Sehemu tisa kwa kumi za utegili ni maji. Zilizobaki ni protini, chumvi, sukari, homoni na takataka za mwili. Utando mweupe una chembe nyeupe, zinazopigana na vijidudu vya maradhi, na chembe sahani, zinazosaidia kuziba jeraha. Mashapo ni chembe nyekundu. Mtu mzima ana damu kadiri ya lita 5, na katika kila milimita moja ya ujazo mna chembe nyekundu zipatazo milioni 5.

Chembe nyekundu hutengenezwa katika uboho wa mifupa, na huishi siku 120 hivi. Kazi yake kubwa ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha mwilini kote. Mchukuzi hasa ni himoglobini, protini yenye madini ya chuma, ambayo ndiyo inayoipa damu wekundu wake. Chembe hiyo ina umbo la sahani iliyobonyea pande zote mbili, tena ni laini, hata huweza kujikunja na kupita katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe.

Ulaini huo ukikosekana, maisha huwa hatarini. Mwaka 1957 Vernon Ingram alionyesha kwamba katika mnyororo mmoja wa himoglobini, wenye asidi-amino 146, mgonjwa wa selimundu hutofautiana na mtu mwingine kwa asidi-amino moja tu, ile ya sita. Tofauti hiyo ndogo yatosha kuifanya himoglobini, ikiisha kutoa oksijeni, ishikamane na kuwa nyuzi ngumu. Chembe hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Nayo hufa baada ya siku 10 hadi 20, mwili ukabaki na upungufu wa damu.

Mbona basi urithi wa namna hii haukutoweka? Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Mwaka 1954 A. C. Allison alieleza kwamba jeni ya selimundu ni ya kawaida palipo na malaria nyingi, kama vile pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Aliyerithi jeni moja huwa mzima, tena hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Aliyerithi mbili ndiye mgonjwa.

Hapa wasomaji wetu wana jambo la kuzingatia. Wazazi wawili wenye jeni moja kila mmoja huweza kuwa na afya njema wala wasijijue. Lakini katika kila mimba, uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni 1 kwa 4. Katika nyumba nyingi lawama humwangukia mama. Sayansi haikubali lawama hiyo, kwani jeni moja hutoka kwa baba na nyingine kwa mama. Kupima damu kidogo kabla ya kuoana huondoa giza hilo.

Na mwalimu akimwona mwanafunzi wa selimundu analalamika maumivu ya mifupa asubuhi ya baridi, asimdhanie mvivu. Ampe maji ya kunywa, amtafutie mahali penye joto, na maumivu yakizidi amfikishe hospitali bila kukawia.