Lori hukaguliwa, faili je?

Ukitembea Tunduma kuelekea mpakani, simu inalia mfukoni kabla hujavuka. Ni ujumbe wa mtandao wa Zambia unakukaribisha. Wewe bado uko Tanzania, umesimama kando ya jiko la mama anayechoma mahindi, lakini simu imeshahama nchi. Barabarani malori yamepanga foleni. Yanayoondoka yamebeba mafuta, mbolea na makontena kutoka Bandari ya Dar es Salaam, na yanayorudi yamepakia shaba ya Zambia na Congo. Kila dereva ana bahasha yake ya kaki, ameiweka mahali mkono unapofika haraka, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo safari nzima. Karatasi moja ikikosekana, lori linalala.

Tangu Oktoba 5, 2019, Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia walipozindua kituo cha huduma kwa pamoja, karatasi hizo hupita mikononi mwa maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Kanuni inayotawala hapo ni rahisi na kila mtu Tunduma anaijua: aliyebeba mzigo afungue turubai, mzigo ulinganishwe na maandishi.

Huwa naikumbuka kanuni hiyo kila picha ya barua ya Serikali inapozagaa kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa Mkoa wa Songwe, kutoka Vwawa hadi Ileje. Msomaji unaifahamu picha yenyewe. Imepigwa harakaharaka, kona moja ya karatasi imekunjamana, kidole gumba cha aliyeishika kinaonekana pembeni, na juu kabisa limeandikwa neno moja kwa herufi kubwa: SIRI. Kufikia jioni imeshafika kwa dereva aliye kwenye foleni na kwa mwalimu aliyeko Momba. Kesho yake ama inarudi ikiwa imepigwa alama nyekundu ya FEKI, ama kunakuwa kimya. Na kama ni kimya, basi huko ofisini swali linaloulizwa ni moja: nani kaivujisha? Yaliyoandikwa ndani ya barua hayaulizwi.

Hapo ndipo tunapokosea, na tumekosea kwa miaka mingi.

Turudi mwaka 2007. Tuhuma za fedha zilizochotwa Benki Kuu kupitia Akaunti ya Madeni ya Nje, ile EPA, zilisambaa kwanza mitandaoni na kwenye nakala zilizopitishwa mkono kwa mkono. Septemba 15 mwaka huo, mbunge wa upinzani Dk Willibrod Slaa alisimama kwenye viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, akasoma orodha ya majina ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Januari 2008 ukaguzi wa kampuni ya Ernst & Young ulionyesha kwamba zaidi ya Sh bilioni 133 zililipwa kwa kampuni 22 katika mwaka wa fedha 2005/06, na Rais Jakaya Kikwete akatengua uteuzi wa Gavana Daudi Ballali. Bila karatasi kutoka nje ya masjala, mkulima wa kahawa wa Mbozi asingejua hata kwamba akaunti hiyo ipo.

Mwaka 2013 tukaona upande wa pili wa sarafu. Septemba 27, Serikali ililifungia gazeti la Mwananchi kwa siku 14. Moja ya habari zilizolalamikiwa ilikuwa ya Julai 17, iliyohusu mishahara mipya ya watumishi wa umma. Hoja ilikuwa kwamba waraka ule ulikuwa wa siri. Mshahara unaolipwa kwa kodi ya muuza vitenge wa Tunduma ukawa jambo ambalo muuza vitenge mwenyewe hapaswi kulisoma.

Simwambii mtu kwamba Serikali haina siri za haki. Watu wa mpakani wanalijua hilo kuliko wengi. Siku ya doria ikitangulia kujulikana, wenye magendo hubadilisha njia ya panya usiku uleule. Jina la aliyepeleka taarifa za wauza silaha au wasafirishaji wa binadamu likivuja, mtu anaweza kuuawa. Siri za namna hiyo ni ulinzi wa maisha, na anayezimwaga mtandaoni ili asifiwe anatenda ubaya. Lakini neno hilohilo SIRI linapopigwa juu ya malipo hewa, mkataba mbovu au ripoti ya ukaguzi, linalinda kaburi la fedha za umma.

Tazama pia jinsi tunavyowapima watoa taarifa kwa mizani miwili. Anayemtaja mama aliyevusha mifuko mitatu ya sukari kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anaitwa raia mwema, na sheria za kodi zinatambua zawadi kwa watoa taarifa. Karani anayeonyesha kwamba mabilioni yamepita mezani kwa bosi wake anaitwa msaliti. Ukubwa wa wizi umegeuka ngao ya mwizi.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha David Munyakei wa Kenya. Mwaka 1992 alikuwa karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya. Mezani kwake zilipita fomu za forodha za kampuni ya Goldenberg International, iliyodai fidia ya asilimia 35 kwa kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi isiyochimba almasi na yenye dhahabu kidogo mno. Fomu zilikuwa kamili, mihuri ipo, na mzigo haupo. Ofisa yeyote wa forodha wa Tunduma anaelewa karani yule aliona nini.

Munyakei alitoa nakala, zikafika kwa wabunge wa upinzani, na Kenya ikajua. Yeye alikamatwa mwaka 1993, akashitakiwa kwa sheria ya siri za Serikali, na hata baada ya kuachiwa alifukuzwa kazi. Mama yake alifariki dunia katika kipindi hicho. Alihamia Mombasa, akasilimu, akaanza maisha upya. Mwaka 2004 Transparency International ilimpa tuzo ya uadilifu. Julai 2006 alifariki akiwa fukara. Aliyeiokoa nchi hakupata hata kazi yake ya ukarani.

Munyakei alihitaji mashine ya kurudufu. Karani wa leo anahitaji simu na sekunde tatu, na ndiyo maana wengi hudhani kwamba mtandao ni maficho. Sivyo. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na picha inaweza kubeba ndani yake saa na mahali ilipopigwa. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa mtandao wa JamiiForums, alikamatwa na kushitakiwa kwa kuzuia upelelezi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Polisi walitaka utambulisho wa wanachama walioandika kwa majina ya bandia, wakiwamo waliotuhumu ukwepaji kodi katika biashara ya mafuta bandarini. Alikataa kuwataja. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani, ikampa adhabu ya faini ya Sh milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Mafuta ni mzigo wa kila siku wa barabara hii inayofika Tunduma. Lakini waliokuwa wakisakwa kwa nguvu zote ni wale walioandika.

Wapo watakaosema sheria ya ulinzi ipo. Ni kweli. Bunge lilitunga Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi mwaka 2015, na ilikuwa hatua njema. Lakini inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika, na mamlaka husika mara nyingi ni mkubwa wa kazi au chombo kilicho chini ya Serikali ileile. Jambo likiwa limeanzia juu, karani anaambiwa apande ngazi inayoishia kwenye mlango wa mtuhumiwa. Akigeukia gazeti au mtandao, ulinzi unamtoka, na mbele yake inabaki Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, ambayo chini yake kutoa jambo la siri kwa asiyestahili kunaweza kumgharimu hadi miaka 20 gerezani.

Ndiyo maana nyaraka zinavuja. Maji hayapiti juu ya tuta kama mfereji uko wazi. Anayetaka uvujaji upungue aache kuwinda makarani, azibue mfereji.

Kazi yenyewe haihitaji miujiza. Bunge liweke katika sheria kwamba kosa la jinai na upotevu wa fedha za umma haviwezi kuwa siri ya Serikali, hata karatasi ikipigwa mihuri mingapi. Liunde chombo cha kupokea taarifa ambacho mkuu wake hateuliwi na wale anaoweza kuwachunguza. Na mtumishi aliyekwenda huko kwanza, akanyamaziwa, sheria iendelee kumlinda anapolazimika kuwaambia wananchi, mradi ameacha nje majina ambayo yangehatarisha maisha ya watu.

Jioni Tunduma, dereva anarudishiwa bahasha yake. Karatasi sasa zina muhuri wa forodha, na maana ya muhuri ule ni kwamba kuna mtu amefungua, ametazama, na ameweka jina lake. Anaikunja, anairudisha mahali pake, anawasha injini kuelekea Nakonde. Ninatamani muhuri wa siri nao ubebe dhamana hiyohiyo: aliyeupiga aweke jina lake, aseme sababu, na awepo mwingine mwenye mamlaka ya kufungua turubai.

Mahali fulani jioni hiyohiyo, karani wa masjala anafunga kabati. Leo ameona fomu kamili isiyo na mzigo. Anafika nyumbani, simu iko mezani, na hajui ampigie nani. Jibu la swali lake ni deni letu.