Transista Nzuri Haijulikani kwa Jina Lake

Gitaa la umeme lina sauti za namna nyingi. Iko ile laini inayopendeza sikioni jioni, na iko ile nzito yenye kukwaruza, inayovuma kama nyuki mzingani. Hii ya pili haitoki katika nyuzi peke yake. Huletwa na kisanduku kidogo kiwekwacho sakafuni, ambacho mpigaji hukibonyeza kwa mguu. Kisanduku hicho huitwa pedali, na sauti yake huitwa fazi.

Mtu mwenye subira anaweza kujitengenezea pedali hiyo nyumbani kwa fedha kidogo. Lakini wengi hupoteza fedha nyingi kwa sababu ya transista. Huambiwa kwamba aina fulani ya zamani ndiyo yenye sauti ya kweli, wakalipa bei kubwa, kisha pedali ikanyamaza au ikakoroma ovyo. Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi leo na tuone namna ya kuchagua transista kwa kipimo, wala si kwa jina.

CHANZO CHA SAUTI HII

Sauti ya fazi ilipata umaarufu kwa bahati. Katika wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961, uliorekodiwa Nashville, Marekani, kifaa kimoja cha kukuzia sauti kiliharibika, na gitaa la besi likatoka na mkwaruzo wa ajabu. Watu waliupenda. Fundi wa studio, Glenn Snoddy, akabuni chombo cha transista cha kuutoa mkwaruzo ule kwa makusudi, nacho kikauzwa tangu mwaka 1962 kwa jina la Maestro FZ-1. Mwaka 1966 kampuni ya Arbiter ya London ikatoa pedali ya duara iitwayo Fuzz Face, ambayo Jimi Hendrix aliifanya ijulikane duniani.

Tuichukue hiyo Fuzz Face iwe mfano wetu, maana ni rahisi mno. Ndani yake mna transista 2, rezista 4, kapasita 3 na vifundo 2 vya kuzungusha. Jumla ni vipuri 11 tu, pamoja na betri ya volti 9. Kwa kuwa vipuri ni vichache, kila kimoja husikika. Ukikosea kimoja, hakuna kingine cha kukuficha.

KAZI YA TRANSISTA

Transista ya kwanza hupokea umeme mdogo wa gitaa na kuukuza. Ya pili huukuza tena. Lakini betri ina volti 9 tu. Umeme uliokuzwa ukitaka kupita hapo, hugonga dari kama mtu mrefu aingiaye nyumba fupi. Kilele cha wimbi hukatwa, na wimbi lililokuwa la mviringo huwa bapa. Kukatwa huko ndiko kunakozaa mkwaruzo.

Transista za zamani zilitengenezwa kwa jemaniamu, na za baadaye kwa silikoni. Fuzz Face za kwanza zilitumia jemaniamu, hasa zile zenye namba NKT275. Wengi husema sauti yake ni ya upole, nayo husafika vizuri mpigaji akipunguza sauti kwenye gitaa lake. Silikoni ni kali na angavu zaidi. Hakuna iliyo mbaya. Kila mtu na sikio lake.

Jemaniamu, hata hivyo, ina kasoro mbili. Kwanza, transista mbili zenye namba moja zaweza kutofautiana sana. Pili, huvuja: umeme kidogo hupita hata pasipo kuamriwa. Uvujaji huo hukaribia kuongezeka maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10. Kwa hiyo namba iliyoandikwa mgongoni haikuambii yote.

NAMNA YA KUPIMA

Utahitaji betri ya volti 9, mita ya umeme, rezista ya omu milioni 2.2, na nyingine mbili za omu 2,400 na 68 zilizofuatanishwa ziwe kama moja. Transista nyingi za jemaniamu za pedali hizi ni za aina ya PNP, nasi tunapima hiyo.

1. Unga emita kwenye upande chanya wa betri. Unga kolekta kwenye upande hasi kupitia zile rezista mbili zilizofuatanishwa. Besi iache wazi.

2. Pima volti kati ya ncha mbili za jozi hiyo ya rezista. Huo ndio uvujaji. Uandike.

3. Sasa unga besi kwenye upande hasi kupitia rezista ya omu milioni 2.2. Pima tena pale pale.

4. Toa kipimo cha kwanza katika cha pili, kisha zidisha kwa 100. Jibu ndilo nguvu ya kweli ya kukuza.

Tuseme unazo transista nne. Ya kwanza imesoma volti 0.30, kisha 1.05. Tofauti ni 0.75, basi nguvu yake ni 75. Ya pili imesoma 0.20, kisha 1.40, nguvu yake ni 120. Ya tatu imesoma 1.10, kisha 1.90. Asiyejua atasema hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, maana ataona 190. Kumbe nguvu yake ni 80 tu, na kilichobaki ni uvujaji mtupu. Ya nne imesoma 0.10, kisha 0.55; nguvu yake ni 45, ni dhaifu.

Kwa Fuzz Face, mafundi wengi hupenda transista ya kwanza iwe na nguvu ya 70 hadi 85 hivi, na ya pili 110 hadi 130. Basi katika nne zetu, ile ya 75 itakaa mbele na ile ya 120 itafuata. Ile yenye kuvuja sana uiweke kando, hata kama muuzaji aliisifu.

Unapopima usiishike transista kwa vidole, maana joto la mkono hupandisha uvujaji. Ukiwa umeishika, ngoja dakika chache ipoe.

Tena wako wauzaji wanaobandika namba za zamani juu ya transista nyingine. Weka mita yako kwenye alama ya dayodi, upime kati ya besi na emita. Jemaniamu husoma volti 0.2 hadi 0.3 hivi. Ikisoma 0.6 au 0.7, hiyo ni silikoni, hata ikiwa imeandikwa jina gani.

KUREKEBISHA VIPURI

Transista zikiisha kuchaguliwa, kazi bado. Katika kolekta ya transista ya pili mna rezista ya omu 8,200. Mahali pake weka rezista ndogo ya kuzungusha ya omu 20,000, uizungushe mpaka kolekta hiyo isome karibu volti 4.5, yaani nusu ya betri. Kisha sikiliza, uisogeze kidogo huku na huku kwa sikio lako. Kwa transista za jemaniamu, fanya hivyo mahali na saa utakapopigia. Pedali iliyorekebishwa alfajiri ya baridi yaweza kukaba sauti mchana wa jua la Mombasa.

Sauti ikiwa ndogo, rezista ya omu 470 ibadilishe iwe ya omu 1,000. Ikiwa nzito kama matope, punguza kapasita ya kuingilia kutoka maikrofaradi 2.2 hadi 0.1, besi itapungua. Ukitaka besi zaidi, ongeza ile ya kutokea kutoka 0.01 hadi 0.047. Badilisha kimoja tu kwa wakati mmoja na uandike katika daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Ukitumia silikoni, usikimbilie yenye nguvu kubwa. BC108C ina nguvu ya 420 hadi 800, nayo yaweza kupiga kelele au hata kunasa redio. BC108A ina 110 hadi 220 na ni tulivu zaidi. Kelele ikibaki, kapasita ya pikofaradi 100 kati ya kolekta na besi husaidia.

MAONYO MAWILI

Usilehemu transista ya jemaniamu moja kwa moja, maana joto huiharibu. Lehemu soketi, kisha uichomeke. Hivyo utaweza pia kujaribu nyingine.

Pedali ya PNP huunganisha upande chanya wa betri na ardhi yake, kinyume cha pedali nyingi. Basi iwe na betri yake peke yake. Ukiiunga pamoja na nyingine kwenye chanzo kimoja cha umeme, utasababisha shoti.

Mkiyafuata haya, transista za bei ya kawaida zilizopimwa vizuri zitawapa sauti nzuri. Nanyi mliokwisha nunua zenye majina makubwa, zitoeni mfukoni mzipime leo. Huenda ni nzuri kweli. Lakini ni heri kujua kabla ya kuwasha moto wa kulehemu.