Aliyeandika Vitabu Asivikague Mwenyewe

Vikundi vingi hutuuliza: "Tuko na mhasibu mzuri anayetuandikia vitabu kila mwezi. Kwa nini mwisho wa mwaka tutafute mtu mwingine wa kukagua, na pesa zenyewe ni kidogo?" Swali hili ni la haki. Wacha tulijibu kwa kisa kimoja.

Kisa cha shilingi 9,000

Kikundi kimoja cha akina mama, ambacho sitakitaja jina, kilikuwa kikichanga pesa za kununua matangi ya maji. Mweka hazina alikuwa mama mjane, mtu wa kuaminika. Kijana aliyesomea uhasibu alikuwa akija kila mwezi kuwaandikia kitabu cha pesa. Mwisho wa mwaka wakamwambia, "Kwa vile unavijua vitabu vyetu, basi tukagulie pia." Akakubali, akaongezewa malipo.

Ripoti yake ilisema shilingi 9,000 hazijulikani ziliko. Kitabu kilionyesha michango ya 54,600, lakini zilizopelekwa benki zilikuwa 45,600 peke yake. Macho yote yakamgeukia mweka hazina. Yule mama akaacha kuja mikutanoni, wenzake wawili wakatoka naye, na mambo ya matangi yakasimama.

Mwaka uliofuata tuliwatafutia mkaguzi mwingine. Yeye hakuanza na kitabu. Alianza na risiti walizopewa wanachama, akazijumlisha moja moja, halafu akaitisha taarifa ya benki. Zote zilisema 45,600. Hakuna hata senti iliyoibwa! Yule kijana alipoandika jumla kitabuni aligeuza tarakimu, 45 ikawa 54. Hapa shikeni jambo moja: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, angalieni kwanza kama kuna tarakimu zilizogeuzwa.

Mbona kijana hakuliona kosa? Hakuwa mwizi wala mvivu. Alipokagua alirudia kitabu chake mwenyewe, na alikuwa ameshakiamini. Nyani haoni kundule.

Hatari ziko wapi?

1. Kujikagua. Mtu haoni kosa lake kwa urahisi, na akiliona anaona aibu kulitaja.

2. Faida. Anayelipwa kila mwezi kwa kazi nyingine anaweza kuogopa kusema ukweli utakaoudhi kamati, asije akapoteza kazi hiyo. Mwamba ngoma huvutia kwake.

3. Mazoea. Aliyekaa na viongozi muda mrefu huamini maneno yao bila kuitisha risiti.

Msifikiri haya ni ya vikundi vidogo tu. Marekani kulikuwa na kampuni kubwa iitwayo Enron. Mwaka 2000 wakaguzi wake, Arthur Andersen, walilipwa dola milioni 25 kwa ukaguzi na milioni 27 kwa kazi nyingine. Desemba 2001 Enron ikafilisika, ikajulikana kwamba madeni makubwa yalikuwa yamefichwa. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi, na wengi wakapoteza akiba ya uzeeni. Kampuni haikuanguka kwa sababu ya malipo hayo peke yake, lakini watu waliuliza: mkaguzi anayepata pesa nyingi namna hiyo atamkemea vipi anayemlipa? Mwaka 2002 ikatungwa sheria ya Sarbanes-Oxley. Inamkataza mkaguzi wa kampuni inayouza hisa kwa umma kumwandikia mteja huyo huyo vitabu.

Je, mkaguzi asitusaidie kabisa?

La, sivyo. Anaweza kuwaonyesha makosa, kuwafundisha kuandika vocha, na kuwashauri. Lakini asishike pesa zenu, asitie sahihi hundi, na asiamue malipo. Kanuni za kimataifa za wahasibu, ambazo chama cha wahasibu wa Kenya, ICPAK, kinazifuata, zinaweza kuruhusu kazi ndogo za kawaida kwa mashirika madogo. Hata hivyo ni lazima wenye shirika wenyewe waamue na wawajibike, na pawe na kinga, kwa mfano kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine wa ofisi hiyo, si yule anayekagua.

Mfanye nini?

- Mkaguzi achaguliwe na wanachama katika mkutano mkuu, si na mwenyekiti wala mweka hazina.

- Kama hamna pesa, ungameni vikundi vitatu. Wa kwanza akague wa pili, wa pili akague wa tatu, wa tatu akague wa kwanza. Mkikaguana wawili kwa wawili mtaoneana haya.

- Sheria au mfadhili akitaka mkaguzi aliyesajiliwa, mwombeni awaonyeshe cheti chake cha ICPAK.

- Mkaguzi aanze na risiti na taarifa ya benki, ndipo aje kwa kitabu.

- Anayetajwa katika ripoti apewe nafasi ya kujibu kabla haijasomwa mkutanoni.

Kile kikundi kilimwomba yule mama msamaha mbele ya wote. Alirudi, lakini kazi ya kuweka hazina aliikataa mpaka leo. Matangi yalinunuliwa, mwaka mzima umechelewa.

Ya kujadiliana kikundini

1. Nani huandika vitabu vyetu? Nani huvikagua? Je, ni mtu mmoja?

2. Mkaguzi wetu akipata kosa la mwenyekiti, ataweza kulisema bila kuogopa?

3. Pesa zikipungua leo, tutatafuta ukweli kwanza au mtu wa kulaumu?