Kompyuta Mpakato Ipi Yafaa Mkoani Mara?

Musoma umezungukwa na maji ya Ziwa Viktoria pande tatu, na nyakati fulani za mwaka wadudu wadogo wafananao na mbu huibuka ziwani kwa wingi hata makundi yao yakaonekana kwa mbali kama moshi. Usiku hufuata mwanga. Bunda, iliyo kando ya barabara kuu itokayo Mwanza, adui ni vumbi la kiangazi. Na katika vilima vya Butiama, kama kwingineko vijijini, umeme ukikatika katikati ya somo mwalimu hana budi kungoja. Shule yenye fedha za kununulia mashine kumi tu, tena za mitumba, haina nafasi ya kukosea. Hata hivyo wanunuzi wengi huuliza kasi ya mashine na ukubwa wa diski, wakasahau mambo ambayo mtengenezaji ameyajenga ndani yake.

Tuanze na upoaji. Kompyuta nyingi zina feni ivutayo hewa kupitia matundu ya chini au ya ubavuni na kuipitisha kwenye mapezi ya chuma. Vumbi na mabaki ya wadudu yakinasa hapo huwa kama blanketi: joto halitoki, na mashine hujipunguzia kasi ili isiungue. MacBook Air ya mwaka 2020 yenye kichakato cha M1 haina feni kabisa, kwa hiyo haivuti vumbi. XO-1, iliyotengenezwa kuanzia 2007 kwa ajili ya watoto wa shule na kugawiwa kwa wingi nchini Rwanda, nayo haikuwa na feni. Kibodi yake ilifunikwa kwa mpira, na skrini yake iliweza kusomeka juani, jambo ambalo mashine nyingi za bei kubwa hata leo haziliwezi. Udhaifu wake ulikuwa uwezo mdogo: kumbukumbu ya megabaiti 256 tu.

Kuna wanaohofia mwinuko. Katika diski izungukayo, kichwa kisomacho huelea juu ya tabaka jembamba la hewa, na watengenezaji wengi huweka kikomo cha mita 3,000 hivi. Ziwa liko kwenye mita 1,134. Hofu hiyo na iachwe kwa wapandao Kilimanjaro.

Maji ni habari nyingine. ThinkPad nyingi zina mifereji chini ya kibodi, ipelekayo kimiminika hadi matundu ya kutokea chini ya mashine. Baadhi ya EliteBook za HP zina mpango wa namna hiyo. Lakini chai yenye sukari si maji. Maji hutoka na kukauka, sukari hubaki.

Jambo zito zaidi ni umeme. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ina betri mbili: ya ndani yenye wati-saa 24, na ya nje ambayo yaweza kufikia wati-saa 72. Ya nje huchomolewa na kubadilishwa mashine ikiwa inafanya kazi, kwa kuwa ile ya ndani huishikilia. Tuseme mashine hiyo inatumia wati 8. Wati-saa 96 zitaiendesha saa 12. MacBook Air iliyotajwa ina wati-saa 50 hivi, lakini ikitumia wati 5 itafikia saa 10. Kwa hesabu hii zakaribiana. Tofauti hujitokeza baada ya miaka kadhaa, betri zinapochakaa: ya kwanza hubadilishwa na mwanafunzi kwa vidole vyake, ya pili imebandikwa kwa gundi na yahitaji fundi. Kwa shule iliyo mbali na fundi, T480 ndiyo bora, ijapokuwa ni nzito na ina feni ya kusafishwa.

Chaja nazo zina ujanja wake. Dell nyingi za zamani huitambua chaja kwa pini ya katikati, na zikipewa ya chapa nyingine hukataa kuchaji betri. Tundu la USB-C limeanza kuondoa usumbufu huo; Umoja wa Ulaya uliweka tarehe 28 Aprili 2026 kuwa mwanzo wa kulilazimisha katika kompyuta mpakato mpya.

Kabla ya kulipia mashine ya mtumba itumiayo Windows, mnunuzi aifungue sehemu ya kuandikia amri na kuandika powercfg /batteryreport. Ripoti itaonyesha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo ilio nao sasa. Ikiwa ni 50,000 na 31,000, betri imebakiwa na asilimia 62. Kwa matumizi ya wati 10, vipindi vya dakika 40 ambavyo ingevihimili ilipokuwa mpya ni saba na nusu. Sasa ni vinne na dakika 26.