Kula Nje Bila Ngano: Usalama Uko Jikoni, Si Kwenye Menyu

Kwa mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, andazi moja si suala la kunenepa au kukonda. Gluteni, ile protini inayoupa unga wa ngano mnato wake na ambayo imo pia kwenye shayiri na rai, huifanya kinga ya mwili wake iushambulie utumbo mwembamba, na vile vinyweleo vinavyofyonza chakula hubapa kidogo kidogo. Wengine huharisha na kujaa tumbo, wengine hupungukiwa damu hata wameze vidonge vya madini ya chuma kiasi gani, na watoto hudumaa. Dawa ya kuuponya haipo. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Aliyethibitisha kwamba kiini ni ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa ameishuku ngano tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kisha njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 ilipouadimisha mkate, watoto wagonjwa walipata nafuu, na mkate uliporudi wakaugua tena. Leo hukadiriwa kwamba mtu 1 katika kila 100 duniani ana ugonjwa huu, wengi wao bila kujua. Anayejua hujimudu akiwa nyumbani kwake. Kazi huwa pevu anapokuwa mjini saa saba mchana, njaa inauma, na mbele yake pana mgahawa asioujua.

Ushauri anaopewa mara nyingi ni atafute mgahawa wenye menyu iliyoandikwa kwamba chakula hakina gluteni. Mimi naona ushauri huo unamwelekeza mahali pasipo. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa vipimo zaidi ya 5,600 ambavyo wateja wenyewe walivifanya mezani kwa kifaa cha mkononi, wakipima vyakula vilivyouzwa kuwa havina gluteni. Karibu theluthi moja vilionyesha gluteni, na kwa pizza na pasta ilikuwa zaidi ya nusu. Takwimu hizo zina kasoro zake: mteja huelekea kupima kile anachokishuku, na kifaa hunasa hata kiasi kilicho chini ya kiwango kinachokubalika kimataifa, yaani miligramu 20 kwa kilo ya chakula. Lakini hata ukizipunguza kwa sababu hizo, bado kuna jambo la kueleza: kwa nini pizza na pasta ndizo zinazoongoza? Kwa sababu hutoka kwenye majiko yanayoishi kwa ngano. Unga unaruka hewani, tanuri ni lile lile, na maji yaliyochemshia pasta ya kawaida hutumika tena kwa ile ya mgonjwa. Utafiti mwingine wa 2021 ulipima oda 20 za chipsi, ambazo ni viazi tu, kutoka migahawa inayokaangia chipsi na vitu vya ngano kwenye mafuta yale yale. Oda 9 zilikutwa na gluteni, na 5 zilivuka kiwango.

Atakayesema kwamba chembe kama hizo haziwezi kumdhuru mtu atazame hesabu. Miligramu 50 kwa siku, zikiendelea kwa miezi mitatu, zimeonekana kuharibu utumbo wa wagonjwa, na slesi moja ya mkate ina gluteni inayofika gramu 2 au zaidi. Kwa hiyo kinachotosha kudhuru ni kama sehemu moja ya arobaini ya slesi.

Ikiwa hatari iko kwenye vyombo na mafuta, basi cha kutafuta ni jiko ambalo ngano ni mgeni. Hapo miji yetu ina bahati ambayo haijitangazi. Ugali, wali wa nazi na maharage, ndizi nyama, mihogo, samaki wa kupaka, nyama choma na kachumbari: mgonjwa wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi ana chakula kingi ambacho kwa asili hakina gluteni, wala hakuna aliyewahi kukibandika lebo. Hata hivyo bahati hiyo ina matundu, na anayesema kwamba chakula chetu ni salama chote hajasimama karibu na karai. Mafuta yaliyokaanga maandazi na sambusa asubuhi ndiyo yanayokaanga samaki na chipsi mchana. Viazi karai mara nyingi huvikwa unga wa ngano. Urojo wa Zanzibar huwekewa ngano ili uwe mzito. Soya sosi, inayomiminwa kwenye nyama bila kufikiriwa, kwa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Hata sembe inaweza kuwa imepita kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano ya mteja aliyetangulia.

Ndiyo maana swali la “mna chakula kisicho na gluteni?” halimfikishi mtu mbali. Mpishi mzuri kabisa anaweza kuwa hajawahi kulisikia neno hilo, na mhudumu mwenye haraka atajibu ndiyo ili asimpoteze mteja. Afadhali kusema: siwezi kula unga wa ngano, yaani chapati, maandazi, mkate, tambi, naumwa nikila hata kidogo. Kisha yaje maswali ya jikoni. Mafuta haya mmekaangia nini kingine leo? Mchuzi umeongezwa unga? Nyama imelowekwa kwenye nini? Kwa mama ntilie majibu hupatikana haraka, kwa kuwa anayepika ndiye anayejibu na sufuria zote unaziona. Hapo naona anaishinda hoteli kubwa, ambako mhudumu na karai hawajawahi kuonana.

Je, lebo haina maana kabisa? Ina maana pale inapokuwa na ukaguzi nyuma yake. Italia iliutambua ugonjwa huu kwa sheria ya mwaka 2005, na chama cha wagonjwa cha huko hufundisha wapishi na kufuatilia migahawa iliyojiunga na mpango wake, ambayo ni maelfu. Nchi ya pasta na pizza imeweza kwa kutenga vyombo, unga na hata sehemu ya jiko. Mwenye mgahawa wa Nairobi hahitaji kufika huko. Karai moja la chipsi lisiloguswa na ngano lingetosha kuanzia.

Wapo wanaodai kwamba haya ni maringo ya wazungu. Maringo yapo kweli, na huwaponza wagonjwa, maana mpishi aliyechoshwa na wanaofuata mtindo humpuuza hata anayeumwa. Ila ugonjwa hauchagui rangi: miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kupimwa ni vya watoto wa Kisaharawi, watu wa Sahara Magharibi, takriban asilimia 5.6. Anayejishuku apimwe damu kabla ya kuacha ngano, kwani akiiacha kwanza kipimo kinaweza kutoonyesha kitu.

Pa kuogopwa zaidi ni kwenye bufee, hata ya arusi. Wali uliopikwa vizuri huharibiwa na kijiko kilichotoka kwenye tambi za jirani. Mgonjwa afike mapema, amwone mpishi mwenyewe, aombe apakuliwe kutoka sufuria ya nyuma kabla foleni haijaanza. Foleni ikishapita, ale alichokuja nacho.