Kabla ya migrate ya kwanza: Django kwa wanaoanza Bukavu

Mwanafunzi wa informatiki wa Bukavu akishajua Python kidogo, maombi huanza kumfuata: kituo cha afya kinataka orodha ya wagonjwa, shule inataka hesabu ya karo, mwenye duka wa Kadutu anataka daftari la madeni lisilopotea. Kwa kazi za aina hii Django ni chaguo zuri. Fremuweki hiyo inakuja na vitu ambavyo ukiviandika mwenyewe vitakula miezi: kuingia kwa nywila, fomu, mawasiliano na hifadhidata, kinga dhidi ya mashambulizi ya kawaida ya tovuti. Ila kila kinachokuja tayari kuna mtu aliyekwisha kukiamua. Anayeanza ajue mapema Django imemwamulia nini, na yasiyofaa hapa kwetu ayabadilishe kabla ya kuandika migrate, amri inayojenga majedwali ya data.

Django ilizaliwa kwenye gazeti. Mwaka 2003 Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakitengeneza tovuti za Lawrence Journal-World, gazeti la mji wa Lawrence katika jimbo la Kansas, Marekani. Kazi za gazeti hazingoji, nao wakakusanya vipande vya programu walivyokuwa wakivirudia kila mara. Julai 2005 vikatolewa bure kwa umma, vikapewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Ndiyo maana Django ina admin, ukurasa wa usimamizi uliokwisha kutengenezwa: wahariri wasiojua programu walihitaji mahali pa kuingizia habari. Na ndiyo maana, ukifungua faili ya mipangilio ya msingi iliyo ndani ya Django yenyewe, unakuta ukanda wa saa ni wa Chicago, ambao ndio wa Lawrence pia.

Tuanze na majina. Mtumiaji wa Django ana sehemu mbili za jina, first_name na last_name. Kadi ya mpiga kura ya Kongo ina tatu: nom, postnom na prénom. Tangu siasa ya authenticité ya Mobutu mwaka 1972, postnom imekuwa sehemu ya utambulisho wa Mkongomani, na karani yeyote atakuuliza iko wapi. Wanaoanza huibandika pamoja na nom ndani ya last_name. Baadaye shule ikitaka orodha iliyopangwa kwa postnom, hakuna namna ya kuzitenganisha bila kupitia majina moja moja. Dawa ni mistari michache mwanzoni kabisa:

class Mtumiaji(AbstractUser):
    postnom = models.CharField(max_length=150, blank=True)

Kisha kwenye settings.py unaandika AUTH_USER_MODEL = "watu.Mtumiaji", ambapo "watu" ni jina la app yako. Nyaraka za Django zenyewe zinaeleza hatua hii kwa mradi mpya, hata kama leo huna cha kuongeza. Ukisubiri hadi majedwali yajengwe, kubadilisha mtumiaji ni kazi ngumu, kwa sababu majedwali mengine yameshamshikilia.

Hapohapo fikiria watu watakavyoingia. Django inakutayarishia nafasi ya barua pepe, lakini mama muuzaji wa Nyawera anajulikana kwa namba ya simu. Namba ihifadhiwe kama maandishi, maana ikihifadhiwa kama tarakimu sifuri ya mwanzo inapotea, na alama ya + ya +243 haina pa kukaa. Usiifanye kuwa kitambulisho cha kudumu pia. Mtu ana laini ya Vodacom na ya Airtel, wengine wana na ya Rwanda, na laini hupotea.

Saa nayo ina mtego wake. Mradi mpya wa Django huandikiwa UTC ndani ya settings.py, si saa ya Chicago, na Bukavu iko saa mbili mbele. Mgonjwa akiandikishwa saa sita na dakika 40 usiku, tarehe 1 Julai ikiwa imeshaingia, rekodi iliyopigwa muhuri na mfumo itaonyesha tarehe 30 Juni, saa nne na dakika 40 usiku. Ripoti ya mwezi imeharibika. Admin hukuonya kwa sentensi ndogo chini ya kisanduku cha saa, kwamba uko saa mbili mbele ya seva, lakini wengi hawaisomi. Weka TIME_ZONE = "Africa/Lubumbashi". Usiweke Africa/Kinshasa, kwa sababu mji mkuu uko nyuma yetu kwa saa moja.

Kwenye fedha ndiko makosa huumiza zaidi. Fungua Python uandike 0.1 + 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. Kompyuta huhifadhi desimali za aina hiyo kwa makadirio, kwa hiyo FloatField haifai kwa bei. Tumia DecimalField, yenye hesabu kamili. Halafu ukumbuke kwamba duka la hapa linapokea dola na faranga za Kongo kwa siku moja, na karibu na mpaka wa Ruzizi faranga za Rwanda pia. Hifadhi kiasi alicholipa mteja, sarafu aliyolipia, na kiwango cha kubadilishia cha siku ile, kila kimoja kwenye safu yake. Ukigeuza kila kitu kuwa dola na kutupa vingine, siku mteja atakapokuja kubishania deni lake hutakuwa na la kumwonyesha.

Ukishamaliza hayo, jifunze kwa mpangilio huu: model kwanza, admin pili, kurasa zako mwisho. Model ni maelezo ya data yako kwa Python, na admin hukupa fomu za kuijaribu kabla hujagusa HTML. Fanya mafunzo rasmi ya mfumo wa kura hadi mwisho, halafu uyarudie kwa data unayoijua, kama madeni ya duka la shangazi. Nyaraka zipo pia kwa Kifaransa, jambo linalomfaa aliyesomea sekondari zetu. Chagua toleo la msaada wa muda mrefu: 5.2, lililotoka Aprili 2025, litapata marekebisho ya usalama hadi Aprili 2028, hivyo hutalazimika kuhamia toleo jipya kila baada ya miezi michache.

Forfait ya intaneti isikuzuie. Django ni kama megabaiti 8, na vifurushi inavyovitegemea ni vidogo. Siku moja yenye mtandao, andika pip download "django==5.2.*" -d mfuko, unakili folda hiyo kwenye flash, na wenzako wote waisakinishe kwa pip install --no-index --find-links mfuko django. Wawe tu na toleo la Python na aina ya mfumo wa kompyuta kama yako. Pakua na nyaraka zote. SQLite inakuja na Python, na seva ya majaribio inafanya kazi ndani ya kompyuta yako bila mtandao wowote. Angalia tu kurasa zako zisiite mitindo ya Bootstrap kutoka nje. Faili hizo ziweke kwenye folda ya static, la sivyo mega zikiisha ukurasa unabaki uchi.

Courant ya SNEL, shirika la umeme, nayo ihesabu kwenye mpango wako. Kila kipande kinachofanya kazi kifungie kwa git, ambayo haihitaji mtandao. Mfumo ukifika kwenye matumizi halisi, chagua PostgreSQL. Umeme ukikatika katikati ya migrate, PostgreSQL, kama SQLite, kwa kawaida hurudisha majedwali yalivyokuwa, wakati MySQL inaweza kukuachia jedwali lililobadilishwa nusu. Na panapotokea vitendo viwili visivyotengana, mfano kuandika mauzo na kupunguza bidhaa kwenye stoki, vifunge pamoja ndani ya transaction.atomic ili vifanyike vyote au kisifanyike hata kimoja.

Uamuzi wa mwisho wa kuupitia ni lugha. LANGUAGE_CODE ikiwa "fr" admin itazungumza Kifaransa cha ofisini, ikiwa "sw" itazungumza Kiswahili. Mkabidhi mtunza fedha kompyuta, aingize mauzo kumi mbele yako, na uandike kila neno linalomkwamisha. Tafsiri hizo za Kiswahili zimefanywa na watu wa kujitolea kupitia jukwaa la Transifex, na mlango uko wazi kwa yeyote. Kwa hiyo neno likimkwamisha mtunza fedha wako wa Kadutu, usiishie kulirekebisha kwenye mradi wako. Lipeleke kule, ili anayeanza baada yako alikute limeshaamuliwa vizuri.