Mfuko wa Taka Unapotoka Mlangoni



Wengi wetu hufunga mfuko wa taka, tukautupa pipani, na hapo tukajiona tumeachana nao. Mwezi huu tumeona vyema tuufuate hadi mwisho wa safari yake, kwani mwisho huo u karibu na milango yetu kuliko tudhanivyo.

Jiji hili lilianza zamani kutafuta faida katika uchafu. Mwaka 1897, huko Shoreditch, ulifunguliwa mtambo uliochoma taka za mtaa na kuzalisha umeme, na joto lake likapasha maji ya mabafu ya umma yaliyokuwa jirani. Ukutani yaliandikwa maneno ya Kilatini yenye maana kwamba mavumbini hutoka nuru na nguvu.

Matanuri makubwa yalifuata baadaye: la Edmonton mwanzoni mwa miaka ya 1970, la Deptford mwaka 1994, na la Belvedere, ambalo taka zake husafirishwa kwa matishari juu ya mto Thames. Kazi yake si ya ajabu. Taka humwagwa shimoni, winchi huzitia tanurini, nazo huungua katika joto lisilopungua nyuzi 850. Maji huchemka, mvuke huzungusha turbini, umeme hupatikana. Moshi husafishwa kwa chokaa, mkaa maalumu na vichujio kabla ya kuachwa utoke katika dohani. Jivu la tanurini hutumika katika ujenzi wa barabara.

Tanuri la Deptford lilijengwa ili litoe umeme na joto pia. Hata hivyo, ilipita miaka 20 kabla joto hilo halijaanza, mwaka 2014, kufikishwa kwa mabomba katika nyumba zipatazo 2,500 za manispaa ya Southwark. Funzo letu ni kwamba ahadi ya joto si joto. Wananchi hawana budi kuulizia.

Mwaka 2017 serikali iliidhinisha mtambo mpya Edmonton, wenye uwezo wa kuchoma hadi tani 700,000 kwa mwaka. Wenye mradi walisema ni afadhali kuchoma kuliko kufukia. Wapinzani, wakiwamo wakazi na madaktari, walihofia hewa ya mtaa wenye familia nyingi za kipato kidogo. Walisema pia kwamba tanuri kubwa hudai kulishwa, na kwamba kuchoma plastiki ni sawa na kuchoma mafuta ya petroli.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki hatuwezi kubeza hoja ya upande wowote. Tunajua jaa lisiloangaliwa hufanya nini: Agosti 2024 jaa la Kiteezi, Kampala, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Addis Ababa, ambako maporomoko ya jaa la Koshe yaliua watu zaidi ya 100 mwezi Machi 2017, ilifungua mtambo wake wa Reppie mwaka 2018. Lakini taka za miji yetu nyingi ni maganda na mabaki ya chakula, na kitu kibichi huungua kwa shida.

Jambo hilo latuhusu hata hapa. Maganda ya ndizi na mihogo tukiyatia katika chombo cha mabaki ya chakula, hupelekwa kuozeshwa yakatoa gesi na mbolea. Betri zisitupwe pipani kamwe, kwa maana zikipondwa ndani ya lori huweza kuwaka moto na kuhatarisha wafanyakazi, ambao baadhi yao ni ndugu zetu.

Tena, barua ya manispaa ikija kuhusu mipango ya mtaa, tusiiweke kando kwa sababu ya ugumu wa Kiingereza. Vijana wetu waliosoma hapa na watusomee, nasi tuhudhurie mikutano na kuuliza: hewa hupimwaje, na joto litafika nyumba zipi? Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Moshi hauchagui mwenyeji wala mgeni. Basi na sauti zetu zisikike pamoja na za majirani zetu.